Katafu, Mboga ya Ardhi ya Chumvi: Mambo Yampasayo Mlaji Kuyajua

Katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediteranea, na kuendelea hadi Rasi ya Arabuni, huota kichaka chenye majani ya rangi ya fedha kinachostawi mahali ambapo mimea mingine hunyauka: kwenye kingo za mabwawa ya chumvi, juu ya miamba inayorushiwa maji na mawimbi, na katika mabonde ya jangwa ambayo maji yake yakikauka huacha ukoko mweupe juu ya udongo. Wataalamu wa mimea hukiita Atriplex halimus. Waarabu hukiita qataf, na kwa kuwa Kiswahili hakina jina moja lililozoeleka la kichaka hiki, somo hili litatumia neno katafu. Mmea wa Australia uitwao Atriplex nummularia ni wa jenasi hiyo hiyo na una tabia hizo hizo. Yanayosemwa humu juu ya mmoja, isipokuwa pale tutakapobainisha, yanauhusu na mwingine.

Katafu huliwa. Majani machanga na ncha laini za matawi huchumwa na kupikwa kama mboga, na majani yaliyokauka husagwa yakawa kiungo. Hata hivyo, mlaji asomaye kijitabu hiki aghalabu hataikuta shambani wala sokoni. Ataikuta ndani ya pakiti au kopo la vidonge, ameinunua kwa njia ya mtandao au ameletewa na jamaa aliyetoka safari ya Ghuba, Ulaya au Australia, na ameambiwa kwamba ni kitu chema.

Wauzaji wake ni wa namna mbili. Wa kwanza huiuza kama chumvi, wakiisifu kuwa ni chumvi ya mimea, nyepesi kwa mwili, inayomfaa mtu aliyekatazwa chumvi ya mezani. Wa pili huiuza kama dawa, hasa ya kisukari. Madai hayo mawili ndiyo yaliyotusukuma kuandika somo hili, kwa maana yote mawili huwalenga watu ambao tayari ni wagonjwa, na kwa mgonjwa kosa dogo la chakula huweza kuwa na gharama kubwa.

Mmea wenyewe

Katafu ni ya ukoo mmoja na mchicha, spinachi na biti. Ni vyema msomaji akumbuke undugu huo, kwa kuwa mengi yatakayoelezwa hapa chini, ya faida na ya hadhari, yamo pia ndani ya mchicha, ila kwa kadiri nyingine. Kichaka chake hufikia urefu wa mita moja hadi tatu. Majani yake ni manene kidogo, yana umbo lililo kati ya yai na pembetatu, na yakiguswa huacha vumbi jembamba vidoleni. Maua ni madogo mno, hayana rangi ya kuvutia, na hutegemea upepo kuchavushwa. Tunda limefumbatwa baina ya vijani viwili vilivyokabiliana kama viganja vya mtu anayeomba dua, na hiyo ni alama nzuri ya kuitambua jenasi hii.

Jani likiangaliwa kwa kioo cha kukuzia huonekana limefunikwa na vijifuko vya mviringo, kila kimoja kimesimama juu ya kikonyo chake. Hapo ndipo ilipo siri ya mmea. Mizizi hunyonya maji yenye chumvi. Mmea husukuma sehemu ya chumvi hiyo hadi ndani ya vijifuko. Vijifuko vikijaa na kukauka hupasuka, na chumvi hubaki juu ya jani kama unga. Ile rangi ya fedha inayoupendezesha mmea, kwa hiyo, kwa sehemu kubwa ni vijifuko hivyo na chumvi iliyomo.

Wanyama wanalijua jambo hili. Panya wa mchanga, Psammomys obesus, aishiye katika majangwa ya Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, hukwangua tabaka la nje la jani la katafu kwa meno yake kabla ya kulila. Magharibi mwa Marekani, panya mwingine, Dipodomys microps, hufanya vivyo hivyo kwa Atriplex ya huko. Hawa ni viumbe wenye figo zilizo hodari kuliko zetu, na bado hawaimezi chumvi yote. Wafugaji wa Australia nao, wanaowalisha kondoo kwa kichaka hiki wakati wa kiangazi, wanafahamu kwamba kondoo aliye katika malisho hayo lazima awe na maji tele karibu, kwani hunywa zaidi sana kuliko kawaida yake.

Binadamu ameila kwa karne nyingi, na mara nyingi kwa dhiki. Kitabu cha Ayubu, katika sura ya 30, kinawataja watu waliofukuzwa na jamii ambao huko nyikani hujing'olea mboga iitwayo kwa Kiebrania malluah, jina litokanalo na neno lenye maana ya chumvi. Wataalamu wengi huitambua mboga hiyo kuwa ni katafu. Talmudi nayo inasimulia kwamba mfalme Yanai, baada ya kurudi vitani na ushindi, aliwaalika wenye hekima wakala mboga hiyo hiyo juu ya meza za dhahabu, kwa kuwakumbuka wazazi wao waliokuwa maskini. Siku hizi meza za dhahabu zimerudi kwa namna yake: mikahawa ya bei kubwa huyakaanga majani hayo na kuyapamba juu ya samaki. Hatuna neno na hilo. Mtu hulipa apendacho, mradi ajue analipia nini.

Je, ni chumvi au si chumvi?

Chumvi ya mezani ni kloridi ya sodiamu. Chumvi iliyomo katika jani la katafu, kwa sehemu kubwa, ni kitu hicho hicho, ikichanganyika na chumvi za potasiamu na nyinginezo. Moyo, mishipa na figo havitambui kama sodiamu imetoka bahari ya Hindi, mgodini, au kwenye jani. Maneno "ya asili" na "ya mimea" yanayoandikwa kwenye pakiti hayapunguzi hata chembe moja ya sodiamu.

Jambo la kweli ni kwamba gramu moja ya majani makavu ina sodiamu kidogo kuliko gramu moja ya chumvi. Muuzaji husimama hapo akamaliza hoja yake. Mlaji asisimame hapo. Na afanye hesabu, ambayo si ngumu.

Tuchukue mfano wa pakiti ambayo kibandiko chake kinasema kuwa katika kila gramu 100 za majani mna miligramu 6,000 za sodiamu. Ili kupata kiasi cha chumvi kinacholingana na sodiamu hiyo, zidisha kwa 2.5. Jibu ni miligramu 15,000, yaani gramu 15 za chumvi katika gramu 100 za majani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, zikihesabiwa zote: ya mkate, ya mchuzi, ya kachumbari na ya karanga. Mpishi akitia gramu 10 za majani hayo katika supu ya mtu mmoja, amemwekea gramu 1.5 za chumvi, ambayo ni asilimia 30 ya kiwango cha siku, kabla hajatia kitu kingine chochote. Na kwa kuwa majani hayana ukali wa chumvi kamili, mkono huelekea kuongeza. Anayetafuta ladha ile ile aliyoizoea ataifikia tu akishafika karibu na sodiamu ile ile.

Kwa hiyo katafu yaweza kumsaidia mtu anayepunguza chumvi kwa sharti moja: itumike mahali pa chumvi, kwa kipimo, na mkebe wa chumvi uondoke mezani. Ikitumika juu ya chumvi, ni nyongeza tu. Hapa inafaa kuwaonya pia wale wenye desturi ya kulainisha mboga kwa magadi. Magadi ni chumvi ya sodiamu, ingawa si ya aina ya mezani, na yale yatokayo katika maziwa ya Bonde la Ufa mara nyingi huwa na floridi nyingi. Kuipika katafu kwa magadi ni kuiongezea sodiamu mboga ambayo tayari imejaa sodiamu.

Kuna kundi jingine ambalo wauzaji hulisahau. Mtu mwenye ugonjwa sugu wa figo huambiwa na daktari wake aiangalie pia potasiamu, kwa sababu figo dhaifu hazimudu kuitoa, na potasiamu ikizidi katika damu huvuruga mapigo ya moyo, hata kufikia kuyasimamisha. Majani ya katafu yana vyote viwili. Mgonjwa wa figo asiyatumie, mabichi wala makavu, pasipo kuzungumza kwanza na daktari au mtaalamu wa lishe anayemhudumia. Kadhalika mtu anayetumia dawa za shinikizo la damu, kwa maana baadhi ya dawa hizo huzuia potasiamu isitoke mwilini.

Asidi ya oksaliki na namna ya kupika

Kama mchicha na spinachi, katafu ina asidi ya oksaliki, na huweza kuwa nayo kwa wingi. Asidi hii hushikamana na kalsiamu. Ikishikamana nayo tumboni, hutoka na choo bila madhara, ijapokuwa mlaji amepoteza kalsiamu hiyo. Ikishikamana nayo ndani ya figo, hujenga vijiwe. Mtu aliyewahi kuugua vijiwe vya figo anajua maumivu yake wala hahitaji kushawishiwa.

Upishi unaofaa umejengwa juu ya maarifa hayo. Chuma ncha changa tu, kwa kuwa majani yaliyokomaa ni magumu na yamelimbikiza zaidi. Yaoshe kwa maji mengi ukiyasugua taratibu kwa vidole, kwani sehemu ya chumvi iko juu ya jani na huondoka kwa maji ya kawaida. Kisha yachemshe katika sufuria yenye maji tele kwa dakika kadhaa, uyachuje, na maji hayo uyamwage. Tunafahamu kwamba shauri hili linapingana na lile tulilozoea kutoa kuhusu mboga za majani, kwamba zipikwe kwa maji machache na mchuzi wake unywewe. Katika mchicha wa kawaida, mchuzi una vitamini za kutosha kustahili kutunzwa. Katika katafu, mchuzi una sodiamu na asidi ya oksaliki, na hasara ya vitamini ni bei ndogo ya kulipa. Akitaka vitamini, mlaji ana chungwa.

Baada ya kuchuja, mboga huungwa kama nyingine yoyote, kwa kitunguu na mafuta au kwa tui la nazi, bila chumvi. Kuichanganya nusu kwa nusu na mchicha hupunguza ukali wake. Kuipika pamoja na dagaa, au kuila pamoja na maziwa ya mgando, ni busara, kwa sababu kalsiamu ya dagaa na ya maziwa huikamata asidi ya oksaliki ikiwa bado tumboni.

Je, yaweza kuliwa mbichi? Jani moja mawili ya kuonja hayana neno kwa mtu mwenye afya. Sahani nzima ni jambo jingine. Mwishoni mwa karne ya 19, Jean-Jacques Matignon, daktari Mfaransa aliyefanya kazi Peking, alieleza ugonjwa aliouona kwa watu maskini waliokula kwa wingi machipukizi ya Atriplex ya huko: mikono na uso vilivimba na kuwasha, hasa sehemu zilizopigwa na jua. Ugonjwa huo ulipewa jina la mmea, na mabishano juu ya chanzo chake hasa yaliendelea baadaye. Mmea wa China si ule wa Mediteranea, lakini kisa hicho kinatosha kumfanya mtu asiifanye katafu kuwa mlo wake mkuu, wala asiile mbichi kwa wingi kisha akashinda juani.

Neno juu ya protini

Baadhi ya pakiti husifu protini nyingi iliyomo katika majani makavu. Tarakimu inayoandikwa yaweza kuwa imepimwa kwa uaminifu, na bado ikampotosha msomaji. Maabara kwa kawaida haipimi protini moja kwa moja. Hupima nitrojeni, kisha huzidisha kwa 6.25, kwa kudhani kwamba nitrojeni yote imetoka katika protini. Kwa maharage na nyama dhana hiyo hukaribia ukweli. Katafu, ili ihimili chumvi, hujitengenezea vitu vingine vyenye nitrojeni ambavyo si protini, na zaidi ya hayo hulimbikiza naitreti. Vyote hivyo huingia katika hesabu vikatoka vikiitwa protini. Isitoshe, hakuna anayekula gramu 100 za kiungo kwa siku. Anayehitaji protini atapata faida zaidi kwa kununua kilo ya maharage, na atabakiwa na fedha.

Kisukari: panya mmoja na madai mengi

Dai kubwa kuliko yote ni kwamba katafu huponya kisukari. Dai hili lina asili yake, na asili hiyo inastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa maana anayeijua hadanganyiki kwa urahisi.

Yule panya wa mchanga tuliyemtaja hapo juu hula majani ya mimea ya chumvi maisha yake yote, na huko jangwani ni mzima. Mwaka 1964, Knut Schmidt-Nielsen, mtaalamu mzaliwa wa Norwe aliyejulikana kwa uchunguzi wake wa jinsi wanyama wa jangwani wanavyohifadhi maji, pamoja na wenzake wawili, walichapisha katika jarida la Science jambo lililowashangaza wengi: panya hao wakiwekwa katika maabara na kulishwa chakula cha kawaida cha panya wa maabara, hunenepa na kupata kisukari. Chakula hicho hicho hakikuwadhuru panya wengine.

Kuanzia hapo njia ziligawanyika. Watafiti walimchukua panya huyu kuwa mfano wa kuchunguzia kisukari cha binadamu cha aina ya pili, ambacho nacho huandamana na unene na wingi wa chakula. Wafanyabiashara walichukua nusu tu ya habari: panya akila katafu ni mzima, akiiacha anaugua, kwa hiyo katafu ni dawa ya kisukari.

Msomaji na atazame vizuri hatua hiyo ya mwisho, maana ndipo fikra inapoteleza. Panya alipotolewa jangwani, mambo mawili yalibadilika kwa pamoja. Aliacha katafu, na alianza kula chakula chenye nguvu nyingi ambacho mwili wake haukuumbwa kukimudu. Lipi kati ya hayo mawili lilimwuguza? Uchunguzi uliofuata ulitoa mwanga. Panya wa ukoo huo huo waliofugwa maabara na kupewa chakula cha viwandani kilichopunguzwa nguvu walibaki wazima, na wenzao waliopewa kile chenye nguvu zaidi wakaugua. Yaani sehemu kubwa ya afya ya panya wa jangwani yaelezeka kwa ufukara wa mlo wake. Majani ya katafu yana maji, chumvi na nyuzinyuzi tele na nguvu kidogo. Anayeyala asubuhi hadi jioni hapati nafasi ya kunenepa. Hilo halifanani hata kidogo na kumeza vidonge viwili vya unga wa majani baada ya sahani ya wali.

Ni kweli kwamba unga na maji ya majani haya vimejaribiwa kwa wanyama wenye kisukari, na baadhi ya majaribio yalionyesha sukari ya damu kushuka. Yaliyochapishwa kuhusu binadamu ni machache na yalihusu watu wachache. Kwa msingi huo mtu aweza kusema kwamba jambo linastahili kuchunguzwa zaidi. Hawezi kusema kwamba dawa imepatikana.

Hatari ziko pande mbili. Upande wa kwanza, mgonjwa huacha insulini au vidonge vyake kwa kuwa ameanza "dawa ya asili". Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kuacha insulini ni kufa ndani ya muda mfupi; kwa mwenye aina ya pili, macho, figo na miguu huharibika polepole ilhali yeye mwenyewe hajisikii mgonjwa. Upande wa pili, mgonjwa huendelea na dawa zake na kuongeza unga juu yake pasipo kumwambia mtu. Ikiwa unga hauna nguvu yoyote, amepoteza fedha. Ikiwa unayo, sukari yake yaweza kushuka kupita kiasi, akatetemeka, akatokwa na jasho, akazimia. Aidha figo za wenye kisukari wengi tayari zimedhoofika, na tumekwisha kuona figo dhaifu zina shida gani na chumvi na potasiamu ya mmea huu.

Mwenye kisukari aliyekwisha kununua pakiti asione haya. Na aichukue, aende nayo kliniki siku yake ya kupimwa, aiweke mezani mbele ya daktari. Madaktari wameona makubwa kuliko hayo.

Udongo unaoulea

Uwezo ule ule unaoiwezesha katafu kuishi katika chumvi huiwezesha kuishi katika udongo wenye sumu. Atriplex halimus imechunguzwa na wanasayansi kwa ajili ya kusafisha ardhi iliyochafuliwa na migodi, kwa sababu hunyonya kadimi, zinki na risasi na kuzihifadhi katika majani. Katika baadhi ya nyanda za magharibi mwa Marekani zenye seleni nyingi, jamaa zake hulimbikiza seleni kiasi cha kuweza kuwadhuru mifugo. Mmea ulioota pembezoni mwa dampo, karibu na kiwanda au kando ya barabara kuu utakuwa umependeza kama ule ulioota ufukweni safi. Jicho halitofautishi wala ulimi hautambui. Kupika nako hakuondoi metali.

Ndiyo maana swali la kwanza la mnunuzi wa majani makavu liwe hili: yametoka wapi? Mazao ya shamba lililopandwa na kupimwa udongo ni bora kuliko yaliyookotwa porini na mtu asiyejulikana, hata kama neno "porini" huvutia zaidi kwenye tangazo.

Kwenye fukwe na maziwa yetu

Wasomaji wa pwani watauliza kama mmea huu uko kwetu. Tunayo mimea ya chumvi mingi, nayo isichanganywe na katafu. Nyuma ya mikoko, na pia kandokando ya maziwa ya magadi kama Natron na Manyara, huota kichaka kiitwacho Suaeda monoica, chenye majani membamba yaliyonona. Mchangani hutambaa Sesuvium portulacastrum, yenye majani manene na maua ya rangi ya waridi, ambayo pwani hujulikana kwa wengi kama mboga ya pwani; wanaoila huichemsha na kumwaga maji, na hekima yao ni ile ile tuliyoieleza hapo juu.

Asitokee mtu akasoma sifa za katafu kisha akatoka kwenda kuchuma kila kichaka cha kijivu akionacho. Mimea mingine ya sumu hupenda ardhi hiyo hiyo. Ukikata jani ukaona utomvu mweupe kama maziwa, uache, na unawe mikono kabla ya kugusa macho: huenda ni Calotropis procera, yenye majani mapana ya kijivujivu, ambayo sumu yake hugusa moyo. Ukiona maua madogo yaliyopangwa juu ya shada lililojikunja kama mkia wa kinyonga, uache pia. Hiyo ni alama ya jamii ya Heliotropium, ambayo baadhi yake huota katika udongo wa chumvi na hubeba sumu inayoharibu ini kidogo kidogo, kuchemsha hakuimalizi. Katafu haina utomvu mweupe, wala mashada yake hayajikunji hivyo.

Kabla ya kulipa, na baada yake

Kibandiko kinachostahili kuaminiwa hutaja jina la kisayansi la mmea, si jina la kupendeza tu. Hutaja sehemu iliyotumika, nchi ulikotoka, uzito halisi, nambari ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, jina na anwani ya aliyefungasha, na kiasi cha sodiamu. Bidhaa inayojiita mbadala wa chumvi lakini haisemi ina sodiamu kiasi gani imeficha jambo lile lile ambalo mnunuzi amekuja kulitafuta. Muulize muuzaji kama mazao yamepimwa metali nzito. Mwaminifu ana karatasi ya kuonyesha. Asiye na karatasi huwa na hadithi.

Nchini Tanzania, tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula umo mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS, na ule wa dawa umo mikononi mwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Tiba asili zina Baraza lake. Nchini Kenya, viwango vinasimamiwa na KEBS. Mgawanyo huo una maana kwa mlaji. Pakiti inayouzwa kama kiungo ni chakula, na haina ruhusa ya kudai kuponya. Mara inapodai kuponya kisukari, imejiingiza katika daraja la dawa, na mnunuzi ana haki ya kuuliza imesajiliwa wapi kama dawa.

Majani makavu ya katafu hunyonya unyevu wa hewa kwa sababu ya chumvi yake, na katika hali ya hewa ya pwani huloa upesi. Yahifadhiwe katika chupa yenye kifuniko cha kubana, mbali na jiko. Yakishikamana tu hayajaharibika, lakini yakitoa harufu ya uvundo au kuota ukungu yatupwe. Pakiti yenyewe isitupwe kabla majani hayajaisha, wala stakabadhi. Wengi huyamimina kopo la jikoni siku ile ile na kuichoma pakiti, na siku mtu wa nyumbani akidhurika, nambari ya toleo ambayo ingewawezesha wakaguzi kuufuata mzigo mzima hadi kwa aliyeuingiza nchini huwa imekwisha kuungua pamoja na takataka.